Tulikwenda Kutazama Magofu

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Tumefika Bagamoyo! Miaka tisa nafundisha watu udereva na barabara hii naijua mpaka Bunju tu, maana Bunju ndipo wanafunzi wangu wanapogeuzia gari. Leo nimepita Bunju kama abiria, mikono mapajani. Raha. Mapinga kila mti una kibao cha viwanja vinauzwa.

Safari nimeipanga mimi. Siku tatu, gesti ya bei ndogo, chakula cha mama lishe, kwingine kote kwa miguu. Rafiki yangu Nouf nilidhani atataka hoteli ya ufukweni. Yeye na baba yake wana duka la udi na manukato Kariakoo, hajazoea feni inayolia. Lakini amekubali kila kitu bila ubishi. Tangu kidato cha kwanza nipo naye, sijawahi kumwona akikubali kitu bila ubishi. Ningeshtuka mapema.

Mchana Kaole. Magofu ya misikiti, makaburi ya mawe ya matumbawe, na kile kisima — bahari iko pale, maji ya kisima hayana chumvi! Nimenawa uso, eti kwa baraka. Mtembeza wageni wetu, Muhidini, kaka mpole, anaeleza vizuri ila anaeleza huku anarudi kinyumenyume. Nilitaka kumwambia atazame nyuma kwanza. Kazi imeniharibu.

Nouf hakupiga picha hata moja. Alikuwa anasoma makaburi. Mwishowe akamwuliza Muhidini, mtu wa Bagamoyo aliyekufa miaka ya sabini angezikwa humu? Muhidini akasema hapana dada, hawa ni wa karne na karne, wa miaka ya sabini watafutwe makaburi ya mjini.

Nikamvuta pembeni. Nani huyo wa miaka ya sabini?

Shangazi yake. Shahad, dada wa baba yake. Alikufa msichana, Nouf hajazaliwa. Kila akimwuliza baba kaburi liko wapi, jibu ni "Bagamoyo", halafu mazungumzo yanahama. Sasa kaja kulitafuta, amsomee Fatiha, basi.

Kumbe ndiyo maana kaikubali gesti! Nimemwambia tutalipata. Mimi nimefundisha watu wazima wanaoogopa klachi, kaburi moja litanishinda?

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi makaburini. Mengi hayana jina, mawe tu kichwani na miguuni. Tumezunguka mpaka jua likatuchoma. Hakuna Shahad. Nikasema twende mjini tukatazame milango, tutarudi jioni.

Mtaa wa India. Nyumba za ghorofa zimebaki kuta, nyingine zimetengenezwa upya, milango ya nakshi mpaka unatamani kubisha tu usikie inavyolia. Nouf anaijua nyumba ya babu yake kwa picha ya ukutani kwao. Babu Sheha alikuwa na duka la nguo chini, familia juu. Sasa juu hamna kitu, chini kuna fundi cherehani. Nouf kasimama mbele ya mlango, kaweka kiganja kwenye nakshi.

Ng'ambo barazani kuna bibi anauza kashata. Bi Hafidha. Hakutuuliza kama tunanunua.

"Wewe binti, wa nani?"

"Shikamoo bibi. Mimi wa Walid. Walid bin Sheha."

"Marahaba. Nilijua! Pua hiyo haipotei. Shahad hajambo?"

Nouf akanitazama mimi. Akasema taratibu, "Shangazi Shahad ni marehemu, bibi."

Bi Hafidha akaweka chini ungo wa kashata. "Marehemu lini? Juzi hapa kwenye Maulidi tumekaa mkeka mmoja! Kaniletea nanasi!"

Nouf akakaa barazani bila kukaribishwa.

Habari yenyewe ndiyo hii, kama bibi alivyoisimulia. Mwaka sabini na nne Shahad ana miaka ishirini. Kuna kijana, Mohamedi, Mkwere wa Kiwangwa, mkulima, alikuwa akija dukani kununua nguo. Akaja mara nyingi kuliko nguo anazohitaji. Mzee Sheha akakataa posa, akakataa tena, mara ya tatu akamfukuza. Shahad akatoka asubuhi kwenda kwa shoga yake — shoga ni huyo huyo Bi Hafidha! — na hakurudi. Walifungishwa ndoa huko huko Kiwangwa, Mohamedi kakopa mpaka mkeka wa kukalia kadhi. Baba mtu akafunga duka siku tatu, akaita watu, akasomesha khitma. Akatangaza bintiye kafariki.

"Mji mzima ulikuja ukala pilau," bibi akasema. "Na mji mzima ulijua yu hai."

Walid, baba yake Nouf, alikuwa na miaka kumi na miwili. Shahad ndiye aliyemlea, mama yao alikufa mapema. Kwenye ile khitma mtoto alilia mpaka akazimia. Hakuna aliyemwambia ukweli, bibi anasema. Lakini mji huu mdogo, akaongeza. Mtoto naye ana masikio.

Nouf hakulia. Kala kashata tatu, moja baada ya nyingine, anatazama mlango.

Hataki kumpigia baba yake simu. Kwanza amwone kwa macho, anasema. Sawa. Kesho tulipanga kwenda Misheni na makumbusho yake. Ratiba ni yangu, naivunja mimi. Kesho Kiwangwa!

Jumapili, 14 Septemba 2025

Noah ya abiria mpaka Kiwangwa, halafu bodaboda kuingia ndani. Dereva wangu alikuwa anaongea na simu njia nzima. Nimemshusha mwendo kwa mdomo tu. Mwishoni ananiita mwalimu.

Nanasi pande zote mbili, mistari kwa mistari kwenye udongo mwekundu, majani yanakata kama msumeno. Nimechanika sketi. Kwa Mama Mwanajuma, kama Bi Hafidha alivyotuelekeza tuulizie, kila mtu anapajua. Hakuna anayemwita Shahad huku.

Tulipiga hodi. Mwanajuma mwenyewe, binti yake, ndiye aliyetoka, mama mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, jembe begani. Akamtazama Nouf. Jembe likashuka. Akaita ndani kwa Kikwere, maneno mengi haraka haraka, sikuelewa ila "mama".

Akatoka mwanamke mrefu. Kanga mbili, miguu peku. Mikono ya mkulima hasa, lakini pua — Bi Hafidha kasema kweli. Hakumwuliza Nouf jina. Alisema hivi tu:

"Umekuja na baba yako?"

"Hapana, shangazi. Hajui niko hapa."

Akatikisa kichwa kidogo. "Basi karibuni mle."

Tukala. Ugali, kisamvu cha nazi, nanasi. Hakuna aliyezungumza jambo lolote la maana mpaka tuliponawa! Nilikuwa napasuka.

Halafu akazungumza. Mohamedi alifariki miaka sita iliyopita, walikaa vizuri, watoto watano, hakujuta siku moja. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja umri wake. Nouf akauliza, je baba yangu anajua kwamba uko hai?

Shangazi akasema, mwaka juzi alikwenda Dar kumwuguza mjukuu. Siku moja akaenda Kariakoo, akaulizia duka, akaingia. Walid alikuwa peke yake. Akamwomba udi kidogo, wa kufukiza chumba. Walid akapima. Mkono ukatulia juu ya mizani, akaongeza. Akaongeza tena. Akafunga, akampa kwa mikono miwili, hakumtazama usoni, hakutaka kulipwa.

"Akasema, karibu tena bibi. Bibi! Nikatoka."

"Labda hakukujua," nikasema mimi.

"Mtoto niliyemfunza kufunga vifungo vya kanzu? Alinijua nikiwa bado mlangoni."

Hapo ndipo Nouf alipolia. Hasira si huzuni, namjua. Anasema mwaka juzi yeye alikuwa stoo kila siku, anahesabu chupa, ukuta mmoja tu kati yao. Anasema kila Ramadhani baba anamwombea marehemu dada yake kwa sauti, na wao wanaitikia amina. Akachukua simu, akaenda kusimama katikati ya nanasi. Nilisikia upande wake tu.

"Niko Kiwangwa. … Kiwangwa, baba. Kwa shangazi."

Nikadhani mtandao umekata. Kisha akashusha simu. Baba kakata.

Nouf anasema imekwisha, hatakuja, atajifanya hakusikia. Mimi nimemwambia atakuja. Ninawajua watu wa namna hiyo, ninao kila mwezi: anazima gari katikati ya barabara, anashuka, anaapa hatashika usukani tena. Kesho yake saa moja yuko kwenye geti ananisubiri.

Shangazi alitusikia. Alikuwa anachambua kisamvu cha kesho. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi simsubiri mtu. Mimi nimeshasomewa khitma."

Lakini tumelazwa hapa hapa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi Dar. Nimewaandikia kazini, mwenzangu atawashika wanafunzi wangu.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ujumbe kwenye simu ya Nouf. Neno moja. "Natoka."

Nilisema!

Nouf kanikumbatia. Anataka kumsema baba yake yote, palepale, mbele ya watu. Nimemwambia subiri. Hasira yako ina haki lakini kuna mwenye haki ya kutangulia, na kasubiri miaka hamsini na moja. Akaenda kufagia uwanja ambao Mwanajuma alikwishaufagia.

Shangazi kaambiwa. Kasema "haya". Akaenda shambani. Baada ya nusu saa karudi, jembe halina udongo.

Saa nne kasorobo. Gari. Mzee Walid mwenyewe kwenye usukani, kanzu nyeupe, kofia. Kaegesha vibaya, matairi ya mbele yamepinda, yeye ambaye gari lake hulipanga kama sahani kabatini. Kashuka mikono mitupu. Nilidhani atakuja na zawadi, watu wa Kariakoo hawaendi mahali mikono mitupu. Nikamheshimu kwa hilo.

Shangazi alipolisikia gari aliingia chumbani akafunga mlango. Kamwambia Mwanajuma aseme mama yuko kwenye swala. Mwanajuma kanisukumia mimi! Nouf kageukia ukuta. Basi nimetoka mimi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Swaumu." Akafunga mlango wa gari. "Amesema nini?"

"Yuko kwenye swala, baba."

Akatazama jua. Saa nne asubuhi. Najua alijiuliza ni swala gani saa hizi.

"Dhuha," nikasema. Ni sunna, swala ya hiari kabla ya adhuhuri, haikosi kuwepo!

"Dhuha," akarudia. "Asiharakishwe. Nitasubiri."

Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka ukumbini nje. Mwanajuma kamwamkia, kajitaja: mimi mwanao, wa dada yako. Mzee akamshika mkono, hakuuachia upesi. Chai kaletewa, hajainywa. Nouf kakaa mwisho wa mkeka, mbali, hamsemeshi. Lakini kakaa.

Sasa saa sita na robo. Naandika jikoni. Tangu saa nne mlango haujafunguliwa. Nilichungulia dirishani kwa nyuma, Mungu anisamehe: shangazi kakaa kitandani, kavaa kanga mpya bado ina karatasi ya dukani, mikono magotini. Haswali. Anamsikiliza mdogo wake anakohoa nje.

Adhuhuri inaadhiniwa msikitini ng'ambo. Swala ya kweli sasa.

Mzee kaomba maji. Nasikia na ndani maji yanamwagika — anatawadha!

Mwanajuma kaja mbio na mikeka ya kuswalia. Ananong'ona: wa mjomba nautandika nje, na huu wa mama? Chumbani kama siku zote, au nje nyuma ya mjomba?

"Nje," nimemwambia. Kautandika. Nouf kausogeza shubiri moja karibu.

Mzee kasimama, kaelekea kibla. Hajaanza. Komeo la chumba linavutwa.