Furaha Amehamia Kabatini Mwako

Bahati, ndugu yangu,

Nakuandikia nimesimama, maana nikikaa nainuka tena. Tangu ufie hospitalini, huku sisi tumefungiwa na karantini hapa ugenini Granville, haturuhusiwi hata kuja kukushika mkono, mwili wangu umekataa kutulia. Nikitoka zamu ya kutunza wazee naoga, kisha nazunguka, jikoni, chumbani kwako, jikoni. Namkuta mwenzangu naye anazunguka.

Furaha, chatu wako, amekua. Siku ulipomleta alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu, na bado nilipanda juu ya kochi. Ulicheka: "Shuka, ndugu, iko mupole!" Sasa mimi ndiye ninayemlisha panya wa kugandishwa, kwa koleo.

Mwezi uliopita alianza kusukuma kioo cha tangi lake kwa pua, kutwa nzima, hadi ikachubuka. Nikadhani ni njaa, nikamwongezea chakula. Kumbe nazidisha tabu: anakua, na tangi ni lile lile. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinihubiria nikisonga ugali: "Nyoka lazima aweze kujinyoosha. Nyumba isiwe fupi kuliko mwenyewe." Nilipima gamba alilovua, nikashtuka, halafu nikakumbuka kwamba gamba huvutika, linadanganya. Nikachukua uzi, nikaufuatisha mgongoni mwake. Hata hivyo, alikuwa amelizidi tangi kwa shibiri mbili.

Maduka yamefungwa. Fundi wa matangi wa mtaa wa pili, Lidcombe, aliniambia nisubiri, hajui hadi lini. Humu ndani kitu pekee chenye urefu wa kutosha kilikuwa kabati lako la nguo, lile la milango ya kioo.

Sikuwa nimelifungua tangu uondoke. Nilimpigia mama yako Bukavu kuomba ruhusa, ikabidi nimweleze habari za nyoka, maana ulimficha. Akasema, "Huyo mtoto! Ile shati ya bluu unitumie. Zingine, gawa."

Basi nikazitoa moja moja. Harufu yako... Nilikaa sakafuni na lile shati hadi jua likahama dirishani. Kisha nikalilaza kabati kwa ubavu, nikatoboa matundu ya hewa, nikafunga taa ya joto upande mmoja, nikaweka maboksi mawili, kwa sababu ulisema nyumba kubwa isiyo na maficho humtia nyoka hofu.

Alijificha siku mbili. Jana mchana akatoka, akanyooka mwili mzima, kichwa hadi mkia. Nilifungua mdomo nikuite.

Kibali cha kumfuga sasa kina jina langu. Nilikuwa nangoja tu mipaka ifunguliwe nirudi Kisumu. Bado nataka, kila siku nataka. Lakini chatu huishi miaka mingi, nami nimeweka sahihi. Nakuahidi: siondoki mji huu kabla ya kumpatia mtu atakayempenda kama ulivyompenda. Na mama yako nitampigia kila Jumapili baada ya ibada.

Pumzika, ndugu. Mimi bado siwezi.

Otieno