Walionata kwenye Mguu Wangu

Madi, sijui nicheke au nilie. Samaki taa alinichoma mguu, nikaukaza kwa kamba sumu isipande. Boti ya wagonjwa nikaingoja saa tatu nzima, kumbe mkubwa wa afya kaipeleka harusini Shela.

Hospitali kufungua kamba, mguu ukafura kama mtungi. Daktari Wafula ati damu ikirudi, askari wake, zile chembe nyeupe, hunata kwenye kuta za mishipa, wakaharibu nyama waliyokuja kuiokoa.

Nikamwambia, "Hao ni serikali hao. Wanachelewa, wananata, wanakula."

Akatazama nyuma yangu. Nyuma yangu, Madi. Mkubwa mwenyewe, na kanzu ya harusi.

Na sahihi ya kunipeleka Mombasa mguu usikatwe ni yake.

Akatia. "Boti tayari, Bwana Sadiq. Leo hutangoja."

Nikamwambia, "Marehemu mke wangu aliingoja hiyo hiyo, akafia gatini."

Hapo kila mtu akatafuta pa kutazama.