Mzinga Wako Katika Bustani ya Bwana

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha misheni, maana ndicho nilichofundishwa kukiandika, na wewe ulikuwa ukikicheka. Cheka tu. Nina jambo, nisipolitoa litanikaba.

Tangu tulipokuzika, yule Bwana wa shamba la chai amemaliza bustani yake ya miti. Amepanda miti ya kila nchi, kila mmoja umetundikiwa kibati chenye jina lake, na Jumapili anaruhusu watu wote waingie kutembea, hata sisi Waafrika, mradi tusiguse kitu. Mwanao Kiprono alipata kibarua cha kufagia njia humo. Basi Jumapili iliyopita nikatoka kwangu Roret kwenda kumwona, na kusema kweli nilitaka pia kuiona ardhi yetu ya zamani, aliyoichukua Bwana, imekuwaje.

Baba, ule mti wako mkubwa wa tebeswet haukukatwa. Umeachwa katikati ya hiyo bustani, na mzinga wako uko palepale juu, na alama ya ukoo wetu uliyoichonga kwa kisu bado inaonekana. Nyuki wanaingia na kutoka. Nikakaa kwenye nyasi nikalia, watu wanapita.

Sikumaliza kulia. Nyuki alimuuma mgeni wa Bwana, mama mmoja mwenye kofia pana, na Bwana akaagiza mzinga uangushwe na uchomwe moto saa hiyo hiyo. Nyapara akawaita vijana wa kwetu. Kila aliyeinua macho akaiona ile alama, akarudi nyuma. Nani atagusa mzinga wa mwenzake ajitafutie laana? Ndipo nyapara akamgeukia Kiprono, akampa panga na kamba. Akikataa, kazi hana, na kibanda chake kiko ndani ya shamba la Bwana, na mkewe mimba imekomaa. Akikubali, anamwangusha baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Alilishika lile panga. Unamjua. Ulikuwa ukisema, "Kiprono hasemi, Chebet anasemea wawili." Mwanamke hana neno juu ya mzinga, hilo ulinifundisha kwa fimbo. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mzinga huo una mwenyewe," nikasema.

Nyapara akauliza mwenyewe nani. Nikamwambia ni baba yetu. Akasema huyo si amekufa. Nikamjibu amekufa ndiyo, lakini hakumwachia Bwana. Akageuka kumtafsiria Bwana, na muda ule wote nilitazama miguu ya Kiprono, niliogopa kumwona uso. Jibu likaja: kama ni wenu, uchukueni, na huyo kijana asionekane tena hapa.

Kiprono akaweka panga chini, akapanda. Moshi hakuwa nao. Aliumwa mpaka macho yakavimba yakajifumba. Alipoushusha kwa kamba, wengine wote walikuwa wamesimama mbali, kwa hiyo niliupokea mimi. Niliukumbatia, Baba. Nyuki walinila mikono na shingo.

Sasa mzinga uko huku rizavu, kwenye ardhi tuliyotengewa Waafrika, ng'ambo ya mto, juu ya mti ulio nyuma ya nyumba yangu. Kiprono na mkewe wanalala jikoni kwangu, hawana pao. Mume wangu ananuna, atazoea. Lakini nyuki walitawanyika njiani na mpaka leo hawajaingia, na wazee wanasema ni kwa sababu mkono wa mwanamke umeugusa. Kutwa natazama juu mpaka shingo inauma. Naogopa, Baba. Sijui kama nimekuokolea mzinga au nimekuharibia.

Pumzika sasa. Nakuahidi Kiprono na mkewe nitawalisha mpaka wapate pao, hata kama ni mboga tupu. Asali ikija, ya kwanza nitakumwagia wewe kabla mtu hajaonja. Na kama umekasirika, nikasirikie mimi. Kiprono hakuniambia niseme.

Binti yako,
Chebet