Nondo Anayeitwa Mjane

Kosele, Jumamosi. Mvua ya asubuhi ilikatika, jua likatoka kwa fujo, na sasa giza linaingia nami nimekaa mlangoni mwa jikoni naandika haya badala ya kuchambua maharagwe.

Leo nimemwona chi liel.

Kwa Dholuo hilo ni jina la mjane, maana yake mke wa kaburi, na mimi mwenyewe ni mmoja tangu mwezi wa nne. Lakini huyu wa leo ni mdudu, nondo, ndugu yake kipepeo. Mkubwa kama kiganja changu, rangi ya kahawa iliyoungua, amening'inia kwenye mti nyuma ya choo. Nimeolewa hapa miaka mingi na sijawahi kumwona. Wanasema zamani walikuwa tele kule msitu wa mlimani, mpaka miti ikaisha kwa makaa.

Sasa, kwa nini mjane? Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, tabia niliyotoka nayo kwetu Migori na haijaniacha.

Jirani, Mama Otis, akasema ni sababu ya weusi. Lakini si mweusi, nimemwangalia vizuri. Mwalimu wa kwaya akasema akishatua mahali haondoki. Kisha akanitazama, akakohoa, akaanza habari za mvua.

Nilimwelewa. Kwenye boma hili mjane mpya haendi kulala kwingine mpaka wazee wamruhusu. Wazee wanamngoja shemeji yangu mkubwa, naye shemeji anangoja mavuno. Na mdogo wangu Akinyi yuko Migori na mimba yake ya kwanza, siku zimefika, kila jioni ananipigia simu kuuliza naja lini. Mama yetu alishafariki, hana mtu mwingine. Nami namjibu, tutaona.

Tutaona nini? Naona aibu hata kuliandika.

Mchana nikamfuata mama mkwe.

"Nyar Migori," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, binti wa Migori. "Chukua hiyo simu yako umpige picha ya uso. Halafu umtafute mdomo."

Nikapiga, nikaikuza picha. Macho yapo. Vipembe vyake vilivyo kama manyoya ya kuku vipo. Mdomo nikautafuta weee, hakuna.

"Sasa anakula nini, mama?"

"Hali. Alishiba akiwa kiwavi, sasa anamalizia siku zake. Hali, hasemi. Watu wakaona jina linamfaa."

Mama mkwe alifiwa na mumewe akiwa mdogo kuliko mimi. Nikamuuliza kama jina hilo lilimuuma wakati ule. Akafikiri kidogo, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilirudi kule nyuma kumtazama tena yule mdudu. Kwanza nilimhurumia, halafu nikajiona mjinga. Yeye ameumbwa hivyo na hana shida na mtu. Mimi mdomo ninao, na miezi yote hii nimeufunga mwenyewe nikingoja ruhusa ya kuufungua.

Shemeji alipopita jioni kuchukua jembe nikamwambia palepale uani. "Shem, kesho naenda kwa Akinyi. Nitalala huko mpaka ajifungue."

Akasema lazima wazee wakae kwanza. Nikamwambia wakae tu, ni haki yao, ila mimi watakuwa wamenikosa. Akamgeukia mama yake amsaidie.

Mama mkwe, ambaye sijawahi kumsikia akimpinga mwanawe mbele za watu, akasema, "Kamata yule kuku mwekundu uende naye. Mzazi anataka supu."

Shemeji aliondoka bila jembe. Sijui nitakuta maneno gani nikirudi, na kusema kweli naogopa. Kuku yuko chini ya kikapu.

Kesho nalala Migori.