Yaya Mbele ya Watu

Louisville, Jumapili, Februari 2016. Theluji imeyeyuka nusu, barabara za huku Shively ni matope matupu, na mimi nina furaha mpaka naona aibu.

Wiki nzima nimekuwa katikati ya ndugu zangu wawili. Yaya Amani, kaka yetu mkubwa (kwetu kila ndugu mkubwa ni yaya), anaishi Linden kule Columbus na anafanya kazi kwenye ghala. Riziki, kitinda mimba wetu, anasoma chuo Amherst, karibu na Buffalo, na amechagua Kijapani. Usiniulize kwa nini. Ijumaa hii darasa lao linaalika familia, na kila mwanafunzi atasimama kuwaeleza wageni habari za watu wa kwao. Yaya alikuwa ameshaomba ruhusa kazini.

Jumapili iliyopita tulikuwa sote watatu kwenye simu, Riziki akatusomea hotuba yake ya Kijapani. Yaya akasikia neno "ani" likijirudia, akauliza maana yake. Ni wewe, yaya, mtoto akajibu. Kisha akajitia ualimu: ukimwita kaka yako mwenyewe unasema "oniisan", kwa heshima, lakini ukimtaja kwa watu wa nje unasema "ani" tu, heshima unaiondoa. Ukiwa na watu, "oniisan" ni kaka wa mwenzako.

"Donc kaka ya bengine eko na heshima, mimi mbele ya batu niko ani tu?" Yaya akauliza, akakata simu. Kesho yake akaniandikia kwamba Buffalo haendi.

Nilimwelewa. Kwetu Kivu, mkiwa wenyewe ndani mnaweza kutaniana mnavyotaka, lakini mbele ya wageni mkubwa hapunguziwi kitu. Na huyu si mkubwa wa hivi hivi. Baba alipofariki kwenye kambi ya wakimbizi, yeye ndiye aliyeacha shule ili sisi tusome. Riziki alijifunza kutembea akiwa ameshika vidole vyake.

Riziki naye alilia, akasema atalibadilisha neno hata mwalimu akimpunguzia maksi. Hapo roho ikaniuma zaidi, maana mtoto hakukosa.

Nawapenda hawa watu wawili kupita kiasi, na wote wawili ni wagumu kama nini.

Jana nikiwa napika ndipo nikapata njia. Nikampigia Yaya, nikamkumbusha wageni wanapofika kwake Linden. Meza imejaa fufu, sombe, samaki na kuku hadi hakuna pa kuweka glasi, naye anasimama na kusema samahani, chakula ni kidogo, mtatuvumilia. Nikamwuliza, Yaya, kile chakula huwa unakidharau? Akasema hapana, ni cha kwangu, nitajisifu vipi? Nikamwambia Wajapani ni hivyo hivyo, ila wao hata ndugu wanamhesabu kwenye vya kwao, hawamsifu mbele ya watu. Mtoto hakusifu kwa sababu wewe ni wa kwake.

Alicheka mpaka akakohoa. "Bon. Basi miye njo kile chakula kidogo."

Ruhusa ya kazini hakuwa ameifuta. Mjanja.

Leo tulipotoka kanisani akapiga tena, na swali lake. Akienda kumsalimia mwalimu, amtajeje Riziki? Nikamwambia nilichofundishwa na mtoto mwenyewe: mdogo wako wa kike ukimtaja kwa watu unasema "imouto" tu, "imoutosan", lenye heshima, ni kwa mdogo wa mtu mwingine. Yaya akaanza kulijaribu lile refu, polepole, akirudia. Nikamwambia hapana, hilo si lako, watakucheka.

"Bacheke," akasema. "Ule mutoto nilimubeba mu mugongo. Mbele ya batu siwezi kumushusha."

Sikumsahihisha tena. Alhamisi nampitia Columbus twende wote, na Riziki simwambii kitu. Acha neno hilo alisikie kwa Yaya mwenyewe.