Fulana ya Signe

Two Harbors, Minnesota
9 Januari

Mwanangu Maren,

Hujambo? Mjukuu wangu Signe hajambo? Mimi mzima, ila goti. Kwa masikitiko makubwa nautangazia umma kwamba paka ametwaa rasmi kiti changu cha karibu na jiko la kuni. Upinzani haukujitokeza.

Signe anasema nini siku hizi?

Babako


Minneapolis
20 Januari

Shikamoo Baba,

Mpongeze paka. Sisi tu wazima, lakini Signe hasemi kitu. Ana miezi kumi na tisa na hana hata neno moja. Masikio yamepimwa, hayana tatizo. Miaka kumi na minne nachunguza watoto wa watu wanavyojifunza kusema, na kazini wakiniuliza, “Dokta, na wako je?” najifanya natafuta kalamu.

Nimemshonea fulana yenye mfuko kifuani, ndani nimetia kinasa sauti kidogo. Kinafanya kazi tangu anapoamka. Nakutumia rekodi ya siku moja kwenye simu. Baba, naogopa nimekosea mahali.

Mwanao, Maren


Two Harbors
2 Februari

Marahaba mwanangu,

Pole na wasiwasi. Goti bado lanisumbua. Nimeisikiliza rekodi kutwa nzima. Nimesikia vijiko. Nimemsikia Signe akibwabwaja vizuri sana. Friji nimelisikia likikohoa mara nyingi kuliko mama wa mtoto. Wewe ulikuwa wapi?

Babako


Minneapolis
11 Februari

Shikamoo Baba, goti linaendeleaje?

Barua yako niliirarua. Kisha nikaiunga kwa gundi.

Nilikuwepo. Kazini kwetu, tunapompima mtoto, mama humpakata huku amezibwa masikio kwa muziki, asije akamdokezea jibu bila kujua. Nyumbani nami nikawa nanyamaza, sauti ya Signe itoke safi. Sikugundua nimezidisha kiasi gani.

Jumatatu naenda mkutanoni Toronto, siku tano. Utakuja kukaa naye? Tafadhali, fulana asivuliwe.

Mwanao, Maren


Minneapolis, mezani kwako
Ijumaa

Mwanangu,

Karibu nyumbani, pole na safari. Sote tumelala, tu wazima. Haya nimeshindwa kukwambia kwa simu.

Nimemsimulia Signe samaki wote walionitoroka nikivua kwenye tundu la barafu ziwani, mmoja mmoja, kwa majina niliyowapa. Jana nilipofika kwa yule mkubwa nikanyamaza kidogo nipulize supu. Akanishika ndevu. “Tena,” akasema. Nikadhani ni tumbo lake limenguruma. Nikaendelea, nikanyamaza makusudi. “Tena!” Nikaomba kupumzika, akanikatalia. Mara tisa, Maren. Sijalia hivyo tangu nilipostaafu kazi ya kusambaza barua.

Sijui kama ni samaki wangu au miezi yake tu imetimia. Mwenye shahada ni wewe. Ila kesho akiamka, mwambie chochote, hata habari za Toronto.

Utataka kusikiliza kwanza, nakujua. Fulana ilimwagikiwa na uji wa shayiri Jumanne, nikaifua. Kinasa sauti kilikuwa mfukoni.

Babako