Boila Haiwashwi

Mkonze, Dodoma

Baba Anitha,

Nisamehe kwa kukaa miezi miwili bila kukuandikia. Mtoto anaota meno, usingizi nausikia kwa wenzangu tu. Lakini hajambo, ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Ile boila ya mvuke ya kupigia pasi, uliyotuma kutoka Dar kwa kuwa ni ya bei rahisi, nimeizima. Valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, ilikuwa inavuja, mdogo wako Obedi akaiziba kwa bolti. "Shemeji, sasa imetulia." Fundi Elisha wa Kizota alipoiona alirudi nyuma. "Mama, hili ni bomu! Na kampuni hii spea zake hapa hazipo." Anitha hutambaa palepale.

Obedi anasema nakudharau, mume wangu. Aseme. Nguo za wateja nitazipiga pasi ya mkaa, ila boila hiyo haiwashwi.

Nakupenda, na sirudi nyuma. Nitumie: boila ya kampuni ambayo Elisha ameandika jina lake nyuma ya karatasi hii, valvu yake ya akiba, geji ya presha inayosoma, na barua ya mkono wako kumwambia Obedi kwamba mashine za nyumba hii nachagua mimi.

Mkeo,
Debora